Spika Tano na Kiti cha Mama Mkwe

Zénon alikuwa mpima viwanja wa serikali, na vita vilipofunga milima vilimwacha na utepe wake wa kupimia usio na pa kwenda. Miaka ilipita akikaa ofisini, akichora upya ramani za mashamba ambayo hakuna aliyethubutu kuyakanyaga. Ndiyo maana nyumbani kwake Ngagara, mjini Bujumbura, alipima kila kitu: upana wa mlango kabla ya kununua kabati, kimo cha ukuta wa jirani, hata kivuli cha ukuta huo saa ya alasiri. Mkewe Caritas alipenda kusema kwamba siku atakayokufa, mumewe atafika na utepe kabla ya padri.

"Afadhali mimi," Zénon alimjibu. "Padri hajui urefu wako."

Kwa hiyo kiangazi kile cha mwaka 2004, mdogo wake Jovithe alipomtumia kutoka Brussels mtambo wa sinema ya nyumbani, mtu mwingine angefurahia muziki. Zénon alifurahia kijitabu cha maelezo. Ndani ya sanduku mlikuwa na mashine ya kuchezea diski, spika ndogo tano, na moja nene ya besi. Watu wa Bujumbura huziita bafle. Kijitabu kilisema kila bafle ina mahali pake, na kwamba mashine inataka kuambiwa umbali wa kila moja hadi kwenye masikio ya msikilizaji. Zénon alisoma sentensi hiyo mara mbili, akaenda kuchukua utepe.

Msikilizaji alikuwa anajulikana. Alikuwa mama mkwe wake, Bibi Dorothée wa Kayanza.

Mwaka uliotangulia, binti yao Amandine alipoolewa, Bibi Dorothée alitoka Kayanza amevaa nguo zake za sherehe. Magari yalisimamishwa njiani, milio ya risasi ikasikika mbele, na wote wakarudishwa. Harusi ikafanyika bila yeye. Mzee Gélase, msemaji wa ukoo, alisimama na kumtoa binti kwa maneno mazuri. Lakini Bibi Dorothée alikuwa na msimamo wake. "Binti hutolewa kwa maneno," alisema, "nami sijasikia hata moja. Kwangu mimi, Amandine bado hajatoka nyumbani." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Amandine akazaa mtoto kule Kinanira, kwa mumewe. Bibi akatuma asali na baraka, lakini mwenyewe hakutia mguu katika nyumba ile. Mtu hawezi kwenda kumtembelea msichana ambaye hajamtoa.

Siku ya Pasaka walimwonyesha video ya harusi katika televisheni. Masikio yake yalikuwa yamechoka, na televisheni ile ilikoroma kama mtu mwenye mafua. Alitazama hadi mwisho, akashukuru, akasema, "Midomo nimeiona."

Sasa alikuwa anakuja tena, Jumapili. Zénon alikuwa ameapa moyoni kwamba safari hii Bibi atasikia.

Jumamosi alimwita rafiki yake Massoudi, fundi wa viti kutoka Jabe, aliyetengeneza makochi yote ya sebule ile na ambaye peke yake aliruhusiwa kuyasogeza. Massoudi alifungua kijitabu, akatazama mchoro. Ulionyesha chumba, spika pembeni, na mtu mmoja ameketi kwenye kiti katikati kabisa.

"Huyu ni nani?" Massoudi aliuliza. "Amekaa kama mutu anangoja hukumu."

"Ni msikilizaji."

"Peke yake? Hana ndugu?"

Zénon alicheka, lakini swali lilikuwa la kweli. Katika sebule yake, kama katika sebule zote alizozijua, viti vilizunguka kuta na katikati palikuwa pa meza ya vinywaji. Hakuna aliyekaa katikati. Ukimweka mgeni katikati, atauliza amekosa nini.

"Basi tutapima kutoka kiti cha mama mkwe," Zénon alisema.

Kiti hicho kilikuwa kile kikubwa cha pembeni, kinachotazama mlango na televisheni, kiti cha heshima. Zénon hakuwahi kukikalia; mkwe hakai mahali pa mama mkwe wake. Hata sasa, bibi akiwa mbali Kayanza, alishika utepe kwenye bafle na kumwachia Massoudi ncha ya pili aipeleke hadi kwenye mto wa kiti. Aliingiza namba moja baada ya nyingine kwa vitufe vya telekomande: ya mbele kushoto, ya mbele kulia, ya katikati inayobeba maneno, mbili za nyuma. Kisha akabonyeza jaribio.

Mashine ikatoa mvumo, kama mafuta yanayokaangwa, ukihama kutoka spika moja hadi nyingine. Caritas aliitwa kutoka jikoni akakae kwenye kiti na kufumba macho.

"Onyesha inatoka wapi."

Caritas alionyesha kwa kidole bila kusita. Kushoto. Katikati. Nyuma yako, Massoudi, sogea. "Hii ya nyuma iko karibu sana," alisema. "Ile ya katikati iko chini, inasema kama mutu mwenye haya."

Zénon alimtazama mkewe mwenye macho yaliyofumbwa. Miaka kumi na moja ya vita ilikuwa imewafundisha wote kazi hiyo: kulala chini na kusema kutokana na mlio tu, hiyo iko juu ya Kinanira, hiyo iko mbali, lala. Caritas alikuwa bingwa wa mtaa. Majirani walikuwa wakimuuliza ukutani kabla ya kuwapeleka watoto shuleni. Sasa alikuwa ameketi katika kiti cha heshima, unga wa muhogo mikononi, akitumia sikio lile lile kuwinda mvumo wa mafuta, na tabasamu lilikuwa limemtoka bila yeye kujua.

"Ongeza ya katikati," alisema. "Ongeza tena. Hapo. Hapo hata kiziwi anasikia."

Jumapili baada ya misa Bibi Dorothée alifika, mwembamba na msafi, na kitenge begani. Amandine alikuwa amekwisha kuja kutoka Kinanira na mtoto wake. Bibi alimkumbatia, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, lakini hakumchukua. Caritas alimwonyesha mama yake kiti cha pembeni. Bibi alikitazama kiti. Kisha akamtazama, kwa upande tu wa jicho, Zénon aliyekuwa amechuchumaa kando ya televisheni na telekomande mkononi.

Akapita. Akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango wa korido, akiwa amewapa televisheni na mkwe wake bega, kitenge kimevutwa hadi shavuni.

Massoudi alimwinamia rafiki yake. "Vipimo vyako vimebaki kwenye kiti pekee yao," alinong'ona.

Zénon alielewa mara moja, na uso ukamchoma. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Kiti cha heshima kilitazamana na televisheni, naye alikuwa amejiweka kando ya televisheni. Mama mkwe gani angekaa saa nzima akitazamana na mume wa binti yake? Na kumwomba ahame hakuweza. Maneno hayo si ya mkwe. Kule kwenye kigoda, spika ya nyuma ilikuwa karibu kumgusa sikio. Angesikia makofi ya harusi nzima na asisikie neno la Gélase.

Alimpa Caritas telekomande. "Mi natoka," alisema taratibu.

"Baba Amandine, apana. Umefanya kazi yote hii."

"Kitufe ni hicho cha kijani."

Alitoka uani, akasimama chini ya dirisha. Massoudi alimfuata. Ndani, kigoda kilikwaruza sakafu, kisha kochi la Massoudi likalalamika kidogo, namna linavyofanya mtu mzito wa heshima anapoketi, ingawa bibi hakuwa mzito.

"Amekaa," Massoudi alisema, kwa sauti ya mtu anayetambua mtoto wake.

Muziki ukaanza, ngoma, halafu sauti ya mzee Gélase ikatoka safi kabisa, kana kwamba yuko chumbani na amekwisha kunywa kidogo. "Amashyo!" alisalimu. "Amashongore!" wageni wakaitikia, na ndani ya sauti zao Zénon akasikia nyingine, nyembamba, ikiitikia pamoja nao.

"Nani yuko nyuma yangu?" Bibi Dorothée aliuliza.

"Ni watu wa harusi, mama," Caritas akajibu.

"Wamejaa. Vizuri."

Gélase aliendelea. Alisema binti huyu ana bibi huko Kayanza, na njia imemkatalia. Kwamba hakuna anayeweza kutoa kisicho chake. "Mama Dorothée, tunakuomba," alisema, kisha akanyamaza, kama desturi inavyotaka, kumpa mwenye binti nafasi ya kujibu. Siku ya harusi ukimya ule ulikuwa mtupu, na watu waliangalia chini.

Zénon alishika nondo za dirisha.

"Nimempa," Bibi Dorothée alisema. Kisha baada ya kufikiri: "Lakini ng'ombe wa mahari sijamsikia. Ni wa rangi gani?"

Amandine alicheka kwanza, kicheko chenye machozi ndani yake, halafu nyumba yote. Mtoto akaanza kulia kwa kelele hizo, na sauti ya bibi ikasema, "Nileteeni huyo." Kulia kukakatika.

Walirudia sehemu ile mara tatu, kwa amri yake, naye akajibu mara tatu. Kisha mlango ukafunguliwa na Bibi Dorothée akatoka uani na kitukuu begani. Zénon alisogea kando na kugeuza uso ukutani, kama inavyopasa. Hatua za bibi zilipunguza mwendo nyuma yake.

"Caritas," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "mwambie baba Amandine azime mashine yake, atafute gari. Tunataka kufika Kinanira mapema, nikaone wanaishije."