Hesabu Hugeuzwa kama Ndagala

Usimwambie Félicité kwamba hesabu ni za watu waliozaliwa nazo kichwani. Atakuuliza kama wewe ulizaliwa ukijua kukausha ndagala, kisha atakupa mgongo aendelee na kazi yake. Ni mama wa watoto wanne, mkaushaji wa ndagala, yaani dagaa, kwenye ufuko wa Kilibula, Uvira, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Siku hizi hata wanafunzi wa sekondari humfuata mchangani kumuuliza mambo ya equation. Ila hakuwa hivyo tangu mwanzo. Mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari, aliufanya mara tatu, na mara mbili za kwanza hesabu zilimwangusha chali.

Shule aliiacha akiwa mwaka wa tano wa sekondari, vita vilipowatawanya watu. Waliporudi Uvira akaolewa na Gracien, mvuvi, akazaa Délice na wadogo zake, akaingia kwenye biashara ya ndagala kama mama yake na bibi yake. Lakini palikuwa na jambo lingine. Mwanamke yeyote wa jirani akishikwa na uchungu, Félicité ndiye aliyeitwa kumsaidia mkunga mzee. Alichemsha maji, alishika mikono, aliimba taratibu. Watoto kumi na mmoja walipitia mikononi mwake. Mkunga yule alipozeeka kabisa, Félicité akaamua kwamba nafasi ile ni yake, na ataichukua kwa vyeti, si kwa kubahatisha.

Shule ya wakunga ilitaka vitu viwili: diploma ya Serikali, na umri usiofika miaka arobaini siku ya kuandikishwa. Yeye alikuwa anatimiza arobaini mwezi wa kumi na moja. Hesabu hiyo aliiweza bila mwalimu: mwaka ule ulikuwa wa mwisho. Akifeli tena, atabaki kuchemsha maji mpaka uzee.

Juu ya kabati lake palikuwa na kopo la poda. Gracien alilinunua mara ya kwanza mkewe alipofanya mtihani, la kummwagia kichwani siku ya matokeo, kama wanavyofanyiwa wote wanaofaulu. Mwaka ule halikufunguliwa. Mwaka uliofuata halikufunguliwa pia. Félicité alilipangusa vumbi kila Jumamosi, na kila alipolipangusa alilitazama kama mtu anayemtazama jirani mchongezi.

Sasa nitakuambia kwa nini alifeli, na mwenyewe amenipa ruhusa ya kucheka. Félicité ni mwimbaji. Kwenye kwaya ya kanisa lao yeye ndiye huanzisha nyimbo, na wimbo akiusikia mara mbili hautoki tena kichwani. Basi alipopata vijitabu vya maswali ya miaka iliyopita, vile ambavyo wanafunzi wanaviita items, kila swali na majibu yake matano ya kuchagua, alifanya kile ambacho mwimbaji tu angekifanya. Aliyatia sauti. Swali la kutafuta x kubwa katika x² − 7x + 12 = 0 lilikuwa na jibu 4, nalo lilikuwa la pili kwenye orodha. Félicité akaliimba kwa sauti ya wimbo wa sadaka: “Saba na kumi na mbili, jibu ni la pili!” Aliimba hivyo maswali mia mbili. Jirani yake Nicole, anayekausha ndagala pembeni yake, alikuwa akiitikia. Ungepita pale ufukoni ungedhani ni maandalizi ya Pasaka.

Mwaka ule wa tatu alijiandikisha tena kama mtahiniwa anayejisomea mwenyewe, na Jumamosi mchana akawa anahudhuria mazoezi ya Prof Herménégilde, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Huyu alikuwa kijana wa Bwegera, mtoto wa wakulima wa mpunga, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kumwambia mtu kwamba ni mjinga. Zikiwa zimebaki wiki saba, akawapa mtihani wa majaribio wa maswali ishirini. Félicité alikuwa wa kwanza kumaliza. Alitoka akijipepea kwa karatasi ya rafu, ambayo haikuwa na hata alama moja ya wino.

Alipata tatu juu ya ishirini.

“Prof, ile haiwezekani,” alisema, akimrudishia karatasi. “Minye najua items mia mbili kwa kichwa. Weye ndiye umezibadilisha!”

“Ni kweli, Mama Délice. Nimebadilisha namba. Hapa hakuna kumi na mbili, kuna kumi. X kubwa ni tano.” Prof alionyesha kwa kalamu. “Weye umechagua la pili, na la pili ni nne.”

“Na kwa nini ubadilishe?”

“Juu bale ba Kinshasa banaotunga mtihani, nabo banabadilisha.”

Félicité alirudi nyumbani bila kuaga. Aliona aibu, na aibu kwake hugeuka kuwa hasira. Siku mbili nzima kila aliyemsalimia alijibiwa kwa mkato, na Gracien, ambaye si mjinga, alikuta ana nyavu nyingi za kushona mbali na nyumba.

Siku ya tatu Prof alishuka ufukoni, akiwa njiani kuelekea kituo cha magari kwenda kwao. Mkononi alikuwa na mfuko wa ndagala alizonunua barabarani. Félicité aliuona mfuko kabla ya kumwona mwenye mfuko.

“Prof, leta hapa. Nani alikuuzisha hizi?”

“Mama mumoja pale juu.”

Félicité alichukua ndagala moja, akaivunja katikati, akamwekea puani. “Amekudanganya. Zimekaukia juu tu, ndani bado ni mbichi. Ndagala unaanika, unageuza, unaziacha. Unarudi unageuza tena. Siku ingine unarudi mara ya tatu, ile yenye bado laini unaitosha kando. Ukiangalia kwa macho tu unasema imekauka, itaanza kunuka mu Sange, Bwegera hautafika nayo!”

Prof alizitazama ndagala, akamtazama Félicité, akasema kwa ile sauti yake ya upole: “Sasa Mama Délice, zile items zako, ulizigeuza mara ngapi?”

Félicité aliitazama ile nusu ndagala mkononi. Kisha akamnyang'anya Prof mfuko, akamjazia mwingine wa ndagala zake kavu, akamfukuza aende zake. Alipokuwa peke yake alicheka mpaka akakaa chini. Miaka miwili alikuwa akianika upande mmoja na kuuza!

Kuanzia kesho yake ufuko ukawa darasa. Asubuhi, ndagala zikishatandazwa, mtu lazima akae pale kuzilinda dhidi ya ndege na bata wa watu. Saa hizo Félicité alizichukua zikawa zake. Alisoma swali kwenye kijitabu, akafunika majibu kwa kanga, akachukua kijiti na kulikokotoa mchangani. Mchanga una wema wake: ukikosea unafuta kwa kiganja, hakuna anayejua. Hakuruhusu macho yake yafike kwenye majibu mpaka awe na la kwake. Siku za kwanza ilimchukua asubuhi nzima kumaliza maswali manne, na mawili yalikuwa na makosa. Hakulia. Aliyeanika ndagala za mvua ya masika ana subira usiyoijua.

Swali alilolipata hakuliaga. Baada ya siku mbili alilirudia, namba akiwa amezibadilisha mwenyewe, ili ule wimbo usipate pa kushika. Baada ya wiki alirudi tena. Likishindikana mara hiyo ya tatu, lilitolewa kando kama ndagala laini, na kuandikwa kwenye daftari jekundu la Délice lililobaki nusu. Hakuandika jibu tu. Aliandika alipojikwaa: “Nimesahau kubadilisha alama nilipovusha.” “Nimegawanya kabla ya kufungua mabano.” Kurasa tatu zilipojaa, aligundua jambo lililomkasirisha na kumfurahisha kwa pamoja. Yeye hakuwa na makosa mia. Alikuwa na makosa matano tu, yaleyale, yakivaa nguo tofauti. Lile la alama peke yake lilijitokeza mara kumi na tisa.

“Mwizi ni huyu,” alimwambia Nicole, akigonga daftari. “Kila siku anapita mulango uleule.”

Nicole alikuwa ameacha shule ya msingi mwaka wa nne, na hilo likawa faida. Félicité alimweleza kila alichojifunza, na Nicole, asiye na aibu, alimkatiza kila alipopotea.

“Apo umeruka,” alikuwa akisema. “Ile tatu ilitoka wapi?”

Mara nyingi Félicité mwenyewe hakujua ile tatu ilitoka wapi. Ilimbidi arudi nyuma atafute, akinung'unika, na akiipata ilikuwa yake milele. Wiki mbili za mwisho alijipimia muda: simu ya Gracien iliwekwa kengele, maswali ishirini, na ikilia kijiti kinawekwa chini hata kama x iko mlangoni. Jaribio la mwisho la Prof alipata kumi na tano.

Siku ya kuamkia mtihani wa hesabu, vijana wa mtaa walikuwa wakikimbizana na simu, kila mmoja akidai amepata majibu yaliyovuja. Mmoja alimletea Félicité karatasi, eti amsaidie mama. Alimwambia: “Minye nilishaimba majibu ya bantu bengine miaka mbili. Yametosha.” Akala ugali wake, akalala kabla ya kuku.

Asubuhi alivaa sketi ya bluu na shati jeupe kama watahiniwa wote. Délice aliona haya kwa niaba ya mama yake. Félicité hakuona haya hata kidogo; alisema sketi ile imemkaa vizuri kuliko zilivyowakaa wale wasichana wembamba. Ndani ya chumba alisoma maswali yote kwanza bila kushika kalamu. Kisha akafanya yale aliyoyajua, akayaruka magumu, akarudi. Swali la nane lilikuwa x² − 9x + 20 = 0, x kubwa ni ipi? Wimbo wa sadaka ulianza wenyewe kichwani. Aliunyamazisha. Akakokotoa pembeni, akapata tano, kisha akairudisha ile tano mahali pa x kuona kama itakubali: ishirini na tano, toa arobaini na tano, ongeza ishirini. Sifuri. Ndipo akatafuta tano iko wapi kwenye orodha. Ilikuwa ya mwisho.

Nje ya lango watahiniwa walikuwa wakilinganisha majibu, wengine wakilia. Félicité alinyoosha mpaka nyumbani, akateremsha kopo kutoka kabatini, akashuka nalo hadi ufukoni. Prof Herménégilde alikuwa pale akimsubiri, pamoja na Gracien na Nicole. Mbele yao akafungua kopo na kujimwagia poda yote kichwani mwenyewe.

“Mama Délice!” Prof alishtuka. “Matokeo bado! Utajiletea mukosi!”

“Matokeo ni ya Kinshasa. Minye nimeshajisahihisha.” Alihesabu kwa vidole vyeupe. “Kumi na nne nimezigeuza mara mbili, ziko kavu. Tatu niko na mashaka. Tatu nimebahatisha, sitadanganya. Kama nimefeli hii mwaka, haitakuwa hesabu.”

Gracien alimwangalia mkewe, mweupe hadi kope, akaanza kucheka, na machozi yalikuwa yakimtoka. Maana kwa miaka miwili alikuwa amemwona akitoka kwenye chumba cha mtihani akisema “Mungu anajua.” Sasa na Félicité mwenyewe alikuwa anajua.

Matokeo yalitoka wiki kadhaa baadaye, asubuhi, wakati ndagala zimetoka tu kutandazwa. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Gracien: amefaulu, asilimia sitini na moja. Kelele za Nicole zilisikika mpaka barabarani. Watu wakaja na matawi, wakataka poda, na poda haikuwepo, kopo lilikuwa tupu. Nicole hakubabaika. Alikimbilia jikoni kwake akarudi na beseni la unga wa mihogo, ule wa chakula cha mchana, akaumwaga wote.

Félicité alicheza nao kidogo, kisha akageuza ndagala zake, akamwachia Nicole kijiti cha kufukuzia bata, na siku hiyohiyo akapanda pikipiki kwenda shule ya wakunga. Katibu, kijana aliyevaa miwani, aliinua macho, akaona unga masikioni na kwenye nyusi.

“Karibu, Mama. Unaandikisha mutoto? Naye amekuya?”

“Amekuya,” alisema Félicité, akaweka juu ya meza simu ya Gracien yenye ujumbe wa matokeo, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. “Ni minye. Andika haraka, bado miezi mitatu sijafika arobaini.”