Dalali wa Mbuzi Katika Maduka ya Kompyuta

Nilienda Nairobi kwa sababu ya kikombe kimoja cha chai. Chai yenyewe haikuwa na kosa, ilikuwa ya maziwa ya ngamia, nzito na tamu. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeiweka kando ya laptopu ya mke wangu ili nitazame video ya mtu akiunda kompyuta kwa mikono yake mwenyewe. Mtu yule alipokaza skrubu ya mwisho nilirusha mkono kwa furaha, na chai yote ikaingia kwenye herufi, laptopu ikazima na haikuwaka tena.

Mke wangu, ambaye hapa Isiolo watu humwita Mama Akiru, hakunifokea. Afadhali angefoka. Yeye husikiliza sauti zilizorekodiwa kwenye mikutano, za Kiswahili na za Kiturkana, na kuziandika neno kwa neno. Kwa miaka miwili alikuwa akiokota vibarua vya hapa na pale, na sasa ofisi moja ya Nairobi ilikuwa imempa mtihani wa kazi ya kudumu. Mtihani ulikuwa Jumatatu saa tatu asubuhi, kwa kompyuta yake, nyumbani kwake. Asipoonekana mtandaoni saa hiyo, nafasi ingeenda kwa mwingine. Chai ilimwagika Jumatano.

"Nunua tu ya mtumba," aliniambia. "Yenye inawaka. Mimi sihitaji ingine."

"Nitakuundia," nikasema. "Nimeangalia video wiki tatu."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia hata asilale na wasiwasi. Na ni kweli nilikuwa na vitu kadhaa chini ya kitanda, nilivyovinunua kwa mwenye saiba mmoja, duka la intaneti, aliyefunga biashara: kasha, kioo, kibodi, kifaa cha umeme, diski, na prosesa, yaani kile kibati kidogo ambacho ndicho ubongo wa mashine. Nilipungukiwa na vitu viwili tu. Cha kwanza ni ubao mama, yaani motherboard, ambao vipande vingine vyote hukaa juu yake. Cha pili ni kumbukumbu, vile vijiti vyembamba ambavyo mafundi huviita ram.

Alhamisi jioni nilipita kwa Galgalo, fundi wa simu na kompyuta karibu na stendi. Nilimwonyesha ile prosesa, akaigeuza kwenye mwanga, akaandika kwenye karatasi jina la ubao unaoifaa, na chini yake: ram DDR4, vijiti viwili.

"Baba Akiru, ukifika huko onyesha hii karatasi tu," akasema. "Usiongeze kitu, usipunguze. Na kama hujui, uliza."

Nilimshukuru, nikaikunja karatasi na kuitia ndani ya soksi.

Hapa lazima nijieleze. Mimi ni dalali wa mbuzi. Kwa miaka kumi na saba nimesimama kati ya mwenye mbuzi na mwenye pesa, na sokoni kwetu mtu hasemi anamtaka mnyama wa nini. Ukisema ni wa harusi, bei inapanda. Ukisema ni wa Jumamosi, inapanda tena. Mnashikana mikono chini ya shuka, vidole vinataja bei, na uso unabaki wa mtu aliyepotea njia akajikuta sokoni kwa bahati mbaya. Sasa mimi, na sifa zangu zote, niende kumfungulia mwenye duka wa Nairobi karatasi yenye haja yangu yote? Thubutu.

Ijumaa kabla ya jua kuchomoza nilipanda lori lililopeleka mbuzi wa wateja wangu Nairobi. Nilikaa mbele na dereva. Tulipanda mlima wa Subuiga tukiwa bado na joto la nyumbani mwilini, na tulipofika Timau, kwenye mashamba ya ngano, meno yangu yalikuwa yanagongana. Dereva aliniuliza naenda kufanya nini mjini. Nikamwambia naenda kumwona dada. Hakuwa na kitu cha kuniuzia, lakini nilimficha hata yeye. Ukishazoea kuficha huchagui mtu.

Saa nane mchana, baada ya mbuzi kushushwa na kuhesabiwa, niliingia katikati ya jiji, kwenye jengo lenye maduka ya kompyuta kuanzia chini hadi juu. Duka la kwanza lilikuwa la mama mmoja mwenye miwani. Nyuma yake mbao mama zilikuwa zimepangwa ndani ya maboksi yenye picha za moto na madude yenye macho mekundu.

"Karibu. Processor yako ni gani?" akaniuliza nilipozielekezea kidole.

"Sina," nikasema.

"Sasa motherboard ni ya nini?"

"Naangalia tu."

"Haya, kama ni kuangalia, angalia," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Niliangalia nusu saa. Niliomba kushika ubao mmoja, nikaupima uzito, nikaugeuza na kuupapasa mgongo jinsi tunavyopapasa mbuzi kujua kama ana nyama. Nilitikisa kichwa kwa huzuni. Mama yule hakuinua macho. Mwishowe nikataja, kana kwamba jina limenijia tu hewani, ule ubao ulioandikwa na Galgalo. Alinipunguzia kidogo, nadhani ili niondoke. Ulikuwa ubao sahihi kabisa, na hapo ndipo nilipoharibikiwa, maana nilitoka nikiamini kuwa mbinu ya Isiolo inafanya kazi hata Nairobi.

Saa kumi nilikuwa ghorofa ya tatu, kwa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. Ubao nilikuwa nimeufunga kwenye shuka langu ili asiuone.

"Ram unataka DDR4 ama DDR5?" akauliza.

Nilikumbuka vizuri kuwa karatasi ilisema nne. Lakini nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, ipi ndiyo changa.

"Five ndio mpya. Inakimbia sana."

Basi nikafikiri kidalali. Sokoni nikitumwa kumtafuta mbuzi wa kadiri nikampata aliye bora kwa bei ileile, nasifiwa. Galgalo ameandika nne kwa sababu anajua hali yangu. Nikimpelekea Mama Akiru tano, si atafurahi? Tukavutana bei mpaka mzee akacheka. Nilipata kijiti kimoja kipya cha tano kwa bei ya vile viwili vya nne. Kabla hajakifunga akaniuliza jambo moja zaidi.

"Lakini motherboard yako inakubali five?"

"Motherboard zangu zote zinakubali," nikamjibu.

Zangu zote! Mtu mwenye ubao mmoja, tena uliofichwa kwenye shuka. Mzee alinitazama juu ya pua, akaandika risiti, akanionyesha kwa kidole maandishi ya ukutani: bidhaa ikitoka hairudi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye hajawahi kurudisha kitu.

Jioni nilifika mtaa wa Kayole kwa dada yangu Rebeka, aliyenipikia ugali na mboga ya sukuma. Yeye sikumficha, maana hakuna aliyewahi kufaulu. Aliitaka karatasi, nikaitoa kwenye soksi, akaishika kwa ncha za vidole.

"Hapa imeandikwa nne."

"Nimepata tano."

"Mtoto akivaa kiatu namba nne, unamletea tano?"

"Atakua, Rebeka."

"Na kompyuta pia inakua?"

Nilimwambia mambo ya ufundi si ya kila mtu. Akanitandikia kitanda.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi la kupitia Embu na Meru, maboksi mapajani. Kando yangu alikaa mfanyabiashara wa miraa aliyekuwa anarudi Meru, mtu mchangamfu, akaniuliza nimebeba nini. Nikasema redio. Akasema redio siku hizi zimekuwa na maboksi mazuri. Tulipoanza kuteremka kuelekea Isiolo na joto likaingia dirishani, niliwaza nitakavyoiwasha mashine mbele ya mke wangu, nami nimesimama nyuma ya kiti chake nikisubiri sifa.

Jumapili tulipotoka kanisani nilitandaza gazeti mezani nikaanza. Prosesa ilikaa mahali pake kwa upole. Skrubu zilienea. Mama Akiru alikuwa ameketi karibu, mikono mapajani, akifuata kila kitu. Kisha nikachukua ram na kuiingiza kwenye mfereji wake, na ikakataa. Kijiti kina pengo dogo ukingoni, na mfereji una kijino cha kuingia kwenye pengo hilo. Vilikuwa vimepishana kwa unene wa ukucha. Niligeuza kijiti, nikakipuliza, nikakisukuma kwa kidole gumba, halafu kwa vidole gumba viwili. Ubao ukaanza kupinda.

Mama Akiru akaweka mkono wake juu ya mikono yangu.

"Wacha," akasema. "Utavunja."

Niliuangalia mkono ule na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Saa zilikuwa zimebaki chini ya ishirini, pesa alizokuwa amewekewa na chama chake cha akiba, ambazo ndizo nilizoendea Nairobi, zilikuwa zimeisha, na mimi nilikuwa nimemnunulia kitu kizuri kisichoingia popote. Alitoa ubao kwenye kasha, akaufunga kwenye leso na ram juu yake, akavaa viatu. Nikamfuata nyuma.

Alasiri tulimkuta Galgalo dukani. Mama Akiru hakuzunguka. Alifungua leso juu ya meza na kusema yote: "Hii ndio motherboard yangu. Hii ram imekataa kuingia, na sijui kwa nini. Kesho saa tatu niko na mtihani wa kazi, nikikosa nimepoteza. Niko na haraka, pesa sina, naomba unisaidie."

Kila sentensi nilifumba macho. Haja, haraka, mfuko mtupu, ujinga, vyote mezani kwa pumzi moja. Katika miaka yangu yote sijaona mtu akijivua nguo sokoni namna ile.

Galgalo hakupandisha chochote. Alivuta droo yenye vijiti alivyovitoa kwenye kompyuta za ofisi zilizokufa, akachagua viwili, akavibonyeza: tik, tik. Tukamletea kasha, akaunganisha nyaya, na kioo kikawaka bluu.

"Ubao wako ni wa nne, mama. Ya tano haiwezi kuingia hata ukiipiga nyundo," akasema. "Hiyo mpya niachie, siku moja nitapata mwenye kuihitaji. Chukua hizi mbili zangu, tumemalizana." Ndipo akanigeukia. "Baba Akiru, huyo mtu aliyekuuzia hakukuuliza una board gani?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

Nilijifanya kutazama barabarani.

Jumatatu saa tatu kamili alifunga mlango wa chumba. Mimi nilikaa nje kwenye jiwe, nikiwafukuza kuku na kuwaomba majirani wapunguze redio. Nilisikia vidole vyake vikikimbia kwenye herufi, vikisimama, vikikimbia tena, na kila viliposimama moyo wangu nao ulisimama. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuyafikiria mambo. Mwenye mbuzi na mimi tunagombania bei, kila mmoja anaficha lake, ni haki. Lakini yule mama wa miwani na yule mzee wa kofia walitaka tu kujua kitu wanachoniuzia kinaenda kukaa wapi. Kwangu lilionekana swali la kutega.

Saa sita alitoka, macho mekundu kwa kukodolea kioo, akasimama mbele yangu.

"Wamenichukua," akasema. "Naanza wiki ijayo."

Nililia kidogo, sioni haya kuliandika. Nilipopata sauti nilimwambia kile ambacho nilipaswa kumwambia Jumatano.

"Mama Akiru, nisamehe. Sikujua ninachofanya. Niliogopa kuuliza kwa sababu wangejua sijui."

"Walijua," akasema. "Wote walijua. Hata mimi nilijua kabla hujapanda lori."

"Na ukaniacha niende?"

Akaketi kando yangu kwenye jiwe.

"Hapa huwezi kuuliza, kila mtu anakujua wewe ni dalali mkubwa. Nilidhani ukifika mbali, mahali hakuna mtu anakujua, utauliza."