Uzito Wangu Upande wa Kulia

Harufu ya mpira mpya uliopakwa grisi hunirudisha uani kwetu Malukhu, mjini Mbale, nikiwa na miaka tisa. Baba, mwanajeshi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Afande, alilala chini ya gari letu kuukuu akibadilisha mipira ya mikono ya mbele, ile mikono inayoshika magurudumu. Gereji hakuziamini. Gari lilikaa juu ya mawe, magurudumu yakining'inia, naye alikaza kila nati mpaka chuma kikalia, kama walivyofanya kambini. "Nati ya Afande haifunguki!" alisema, nami niliamini Uganda nzima haina fundi kama yeye.

Gari liliposhushwa na kutembea wiki mbili, likaanza kuvuta kushoto, hasa likitoka kwenye shimo. Baba akajaza upepo, akahamisha matairi ya kulia kushoto. Wapi! Mwishowe akapata dawa yake, nayo ni mimi. "Zaituni, kaa nyuma yangu, upande wa kulia. Ukikaa hapo gari inanyooka." Nilijivuna sana, hadi watoto wa jirani walipoanza: "Jiwe la mizani! Afande anakubeba kama gunia!" Asubuhi moja wazazi walikuwa wakienda Jinja kununua vitambaa vya kibanda cha mama sokoni Nakaloke. Nikakataa kupanda. "Mwache mtoto, Afande, tutafika tu," mama akasema huku akicheka, akaketi mbele, kushoto, mahali pake pa siku zote. Karibu na Jinja gari lilitoka shimoni, likavuta kushoto na kutumbukia mtaroni kwa upande wa mama. Tulimzika mama siku ileile, kabla ya magharibi. Baba hakuniuliza kitu, wala mimi sikusema kitu. Nilijua nimemuua.

Mimi sifichi nilichokipata. Nina diploma ya ufundi wa magari, niliyoisomea Nairobi nikiwa mwanamke pekee darasani, na nimerudi Mbale kufungua gereji kwa jasho langu. Lakini somo lililonitoa machozi lilikuwa dogo: mpira ule hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limebeba uzito wake. Ukikazwa ukiwa hewani, gari likishuka unajipinda, unachanika, na gurudumu linahama mahali pake. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje. Mzigo ulinitoka, nikaona unakokwenda: kwa baba.

Mwezi uliopita baba alikuja gereji, fimbo mkononi. "Mbona unashusha gari kabla ya kukaza?" Ningeweza kumdanganya. Nilimweleza. Aliligusa gurudumu kwa ncha ya fimbo.

"Kwa hiyo haikuwa wewe," akasema.

Miaka yote ile, kumbe naye alinihesabia mimi kifo kile. Leo magari hutoka kwangu yamenyooka, na dereva anaweza kuachia usukani kidogo bila hofu. Jioni nikimrudisha baba nyumbani, kiti cha mbele hakitaki. Hukaa nyuma yangu, upande wa kulia, na hakuna aliyemwambia.