Mama Soksi na Mipira Saba

Nyuma ya duka la dobi, kwenye chumba cha kupigia pasi, yuko mwanamke ambaye jina lake halisi linajulikana na mumewe na kitambulisho chake tu. Wengine wote humwita Mama Soksi, na jina hilo alilipata kihalali. Kazi yake ni kuoanisha soksi za wateja zikitoka kwenye mashine, kuzikunja pea kwa pea ziwe mviringo kama ngumi ya mtoto, kisha kuzipanga kapuni. Lakini akishazikunja, mikono yake haikubali kutulia. Huchukua pea tatu akazirusha na kuzidaka, moja juu, moja njiani, moja kiganjani, mpaka birika lichemke. Siku moja pea mbili zilimfungukia hewani, akazikunja upesi upesi bila kuangalia vizuri, na mteja mmoja, hakimu mzima, akaenda kusikiliza kesi mguu mmoja kahawia na mwingine kijani. Hakimu alizirudisha mwenyewe. Tajiri wa duka alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu hakimu alikuwa anacheka mpaka anajishika mbavu. Tangu siku hiyo jina likaganda.

Wenzake walidhani anapoteza muda tu. Hawakujua habari za daftari.

Daftari lenyewe ni la jalada gumu, kona zimelika, na linalala kwenye mkoba wake pamoja na miwani. Humo kila msanii wa jukwaani aliyewahi kumwona ana ukurasa wake. Hakuandika kwamba fulani ni hodari, kwa kuwa kila mtu aliyekaa ukumbini anaweza kusema hivyo. Aliandika alichokiona. Ukurasa wa bwana anayezungusha sahani kumi na moja juu ya fimbo unasema: "Hakimbilii sahani inayoyumba. Anakimbilia itakayofuata kuyumba." Wa binti wa baiskeli ya gurudumu moja: "Akikaribia kuanguka ndipo anapotabasamu sana." Kuna bwana mwingine mwenye mwanasesere anayeongea huku yeye mwenyewe kafunga mdomo. Huyo, Mama Soksi alimtazama mara nne kabla ya kumpata, kisha akaandika: "Mwanasesere hana baba wala mama. Ana kaka, dada na shangazi tu. Jaribu kusema baba bila kugusanisha midomo." Alipoligundua hilo alicheka peke yake jikoni, mumewe, ambaye ni fundi bomba, akatoa kichwa chini ya sinki kuuliza kuna nini. Jioni nzima wawili hao wakakaa midomo imeachama kidogo, wakijaribu kusema "baba", wakaambulia "gaga".

Ila kurasa nyingi kuliko zote, tisa, zilikuwa za Bwana Saba.

Bwana Saba alirusha mipira saba ya ngozi nyekundu. Mama Soksi alimwona kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka minane, mabegani kwa baba yake, na siku hiyo alilia kwa sababu Bwana Saba aliangusha mpira. Akaangusha tena. Mara ya tatu yote saba ikapanda, watu wakasimama. Miaka mingi baadaye, alipokwisha kumwona mara tano, ndipo alipong'amua: mara mbili za kwanza mzee huangusha makusudi. Asipoangusha, watu watadhani ni kazi nyepesi. Na namna ya kuangusha ilikuwa ile ile. Mpira hutoka mkono wa kushoto, huviringika mbele kuelekea kwa watu, na mzee hautazami. Macho yake yanakuwa yameshafika kwa watazamaji, anasema, "Huyu leo hajanywa chai." Wa pili akianguka, "Na huyu ni ndugu yake." Kisha anafanya kweli.

Basi ikaja Jumatatu moja tangazo likabandikwa ukutani mkabala na duka. Bwana Saba, Jumamosi saa tisa alasiri, ukumbi wa karibu na soko. Chini yake, kwa herufi nene: KWA MARA YA MWISHO.

"Yule mzee bado yupo?" aliuliza Mpiga Pasi, mwanamume mwenye tumbo lake na utani wake, anayefanya kazi meza ya pili. "Dada, si atajivunja? Saba! Mimi vifungo viwili vinanishinda."

"Vinakushinda kwa sababu ya tumbo. Atarusha saba."

"Hatarusha."

"Atarusha. Asiporusha, nitakupigia pasi mashuka yote mwezi mzima."

Chumba kizima kikageuka. Mashuka ndiyo adhabu ya pale; hayana mwisho.

"Na akirusha?"

"Utaoanisha soksi. Mwezi mzima."

Wakapeana mikono, tajiri akiwa shahidi. Mama Soksi akarudi kwenye kapu lake kwa raha zake, hana wasiwasi hata chembe. Mashuka hakuyawaza. Alichokuwa anakiwaza ni kwamba mzee ataondoka jukwaani akiwa kama alivyoingia, na yeye atakuwepo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama Soksi alikaa mstari wa pili na mumewe, Mpiga Pasi nyuma yao akitafuna karanga kwa kelele, tajiri kando yake. Mzee alipotoka, alikuwa amepungua. Koti lilikuwa lile lile, ila sasa lilimvaa yeye. Lakini alipoanza na mipira mitatu, kisha minne, kisha mitano, mikono ilikuwa laini kama mtu anayechota maji. Mama Soksi akapumua.

Akachukua saba. Ikapanda, mmoja ukatoka mkono wa kushoto, ukaviringika mbele.

"Huyu leo hajanywa chai."

Watu wakacheka. Akarusha tena. Kushoto, mbele.

"Na huyu ni ndugu yake."

Wakacheka zaidi. Mama Soksi akamfinya mumewe paja. "Sasa. Sasa angalia."

Ikapanda saba. Minne ikarudi vizuri. Wa tano ukagonga kidole cha mkono wa kulia, ukaruka nyuma kuelekea pazia, na mzee akaufuata kwa macho mpaka ulipopotea.

Mkono wa kulia. Nyuma. Na macho kwenye mpira. Katika ukumbi ule wote ni Mama Soksi peke yake aliyejua kwamba huu haukuangushwa makusudi. Wengine bado walikuwa wanangoja utani. Lakini utani wa tatu haukuwahi kuwepo, haukuwahi kuhitajika. Mzee alisimama na mipira yake, midomo inachezacheza. Kutoka nyuma mtu akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Mzee, kapumzike!" Vicheko vikaanza, na safari hii havikuwa vizuri.

"Kaa chini, mke wangu," alisema fundi bomba, lakini mkewe alikuwa amekwisha simama.

"Huyo tunamjua!" alipaza sauti Mama Soksi, sauti ile ile ya kuita namba za wateja. "Huyo ni shemeji yao! Kila siku anachelewa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee akageuka, akamtafuta, akamwona. Mgongo wake ukanyooka.

"Dada," alisema, "kumbe unaijua familia yangu?"

"Tangu nikiwa na miaka minane."

"Basi njoo unisaidie kuwalea. Mimi wamenizidi utundu."

Alipanda ngazi, mkoba begani, mikono imetulia. Mzee alimwuliza kwa sauti ya chini, "Wangapi?"

"Watatu. Wanne nikiwa peke yangu jikoni."

"Watatu wanatosha."

Mtu akaurudisha mpira uliokimbilia nyuma ya pazia. Mzee akabaki na minne, akampa mitatu. Ngozi ilikuwa ya moto, imelainika kwa miaka. Ilikuwa na uzito mzuri kuliko soksi.

"Moja, mbili," alihesabu mzee, wakarusha pamoja, bega kwa bega. Mama Soksi hakuwatazama watu. Alitazama pale juu ambapo mipira hugeuka, kama alivyokuwa ameandika kwamba mzee hufanya, na pembeni ya jicho aliiona minne ya mzee ikipanda na kushuka kwa mwendo mmoja na mitatu yake. Hakuna uliokwenda chini. Mzee aliposema "Haya," wakaidaka yote, na watu walikuwa wamesimama. Fundi bomba alikuwa amesimama juu ya kiti.

Walipokuwa wanashuka, mzee alimsogelea. "Ile ya tatu. Uliijua?"

"Mkono wa kulia," alisema Mama Soksi.

Mzee akatia mpira mmoja ndani ya mkoba wa Mama Soksi, pale penye daftari, akaenda zake kuwaaga watu.

Jumatatu asubuhi Mpiga Pasi alikuja na hoja tayari. "Mzee alirusha minne! Hiyo mingine ni yako!"

"Minne na mitatu ni mingapi?"

"Hatukukubaliana kujumlisha!"

"Tulikubaliana saba. Tajiri, saba ilipanda au haikupanda?"

"Ilipanda," alisema tajiri bila kuinua kichwa.

Mpiga Pasi akavuta kapu kwa mguu, akakaa. Baada ya muda akauliza polepole, "Lakini dada, sema kweli. Ule uliokimbilia nyuma, alikuwa ametaka?"

Mama Soksi alikuwa amechukua pasi ya Mpiga Pasi na shuka la kwanza, kwa hiari, ili meza ya pili isilale bila kazi. Akainyoosha kona moja, kisha ya pili.

"Hiyo uliyoshika ni kahawia," alisema, "na hiyo nyingine ni kijani. Anza upya."