Aliyeshika Bakuli la Chumvi

Nimemfuata mpishi wa shughuli wa mtaa wa Ng'ambo kwa miaka mingi, bibi anayeitwa kila penye harusi na kila penye maulidi, na watu hawajakubaliana bado waniite nani. Mume wangu husema mimi ni mwanafunzi, kisha hucheka, maana ada yangu ni kumenya vitunguu. Majirani wa Chemchem, nilikoweka genge langu la mboga, huniita mpambe. Shemeji yangu, mtu wa zikri, aliniita muridi, kama wafuasi wa shehe wake, kwa kuwa hata mimi huinuka mkubwa wangu akiinuka. Mwanangu akaleta neno la darasani, mwanagenzi, nikamwambia alirudishe hukohuko. Bibi mwenyewe alituita watoto, sote tuliomzunguka jikoni, hata yule mwenye wajukuu. Mimi nilitaka siku moja aseme mbele za watu kwamba mimi ni mpishi. Tamaa hiyo nilikuwa nayo, wala siifichi.

Chumvi ilikuwa yake peke yake. Sisi tulichambua mchele, tukatwanga vitunguu saumu, tukakaa na moshi. Lakini supu ya pilau ikichemka, kabla mchele haujaingia, sote tulirudi nyuma, naye akasogea, akasema bismillahi na kutia chumvi kwa kiganja. Hakuna aliyeonja kabla yake, wala aliyeuliza kama ameshatia. Kumwuliza kungekuwa kumwambia hajui kazi. Niliipenda desturi hiyo, maana pilau likiharibika lawama isingenifikia.

Kisha kwenye hitima moja kule Itetemia pilau likatoka bila chumvi kabisa. Bibi akasema chumvi ya siku hizi haina nguvu, nasi tukaitikia kwamba ni kweli, haina nguvu. Njiani kurudi aliniuliza habari za watoto wangu, nikamjibu, na kabla hatujafika kwake akaniuliza tena vilevile. Kuanzia hapo niliacha kutazama sufuria, nikawa namtazama mkono.

Ikaja harusi ya mjukuu wake. Wakwe walitoka Nzega, na wanawake wao, wanaojua kula na kusema, waliketi uani karibu kabisa na majiko. Supu ikachemka. Bibi akatia chumvi, nilimwona kwa macho yangu, akaenda kukaa kwenye kigoda anywe chai yake ya tangawizi. Tulikuwa tunaosha mchele alipoinuka, akachukua bakuli la chumvi na kuja tena kwenye sufuria ileile.

Niliwatazama wenzangu. Kila mmoja alikuwa ameinamia mchele wake, nikajua wameona pia. Nikinyamaza, chakula cha mjukuu wake hakitalika, na jina alilolijenga maisha yake yote litafia hapo mchana ule. Nikisema, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya wakwe.

"Bibi," nikamwambia, "leo naomba unipe mimi."

"Nikupe nini?"

"Chumvi. Na mimi nijifunze."

Wanawake wa Nzega wakaacha mazungumzo. Bibi alinitazama kama anayetafuta sura yangu mahali fulani, halafu akanipa bakuli. Nikasema bismillahi kwa sauti, nikachota, nikanyoosha mkono juu ya mvuke na kuufumba. Hakikuanguka kitu. Chumvi ilibaki kiganjani, ikanichoma pale kisu cha vitunguu kilipokuwa kimenikata.

Bibi akaonja. Alikaa na ile supu mdomoni muda ambao mimi niliuona mrefu mno.

"Imekaa," akasema, na mchele ukaingia.

Baadaye, wenzangu walipokuwa wanapalia makaa juu ya mfuniko, akanivuta pembeni. "Hebu nione mkono." Nikaufungua. Punje zilikuwa zimeganda kwenye jasho. Akanifuta kwa pindo la khanga yake, polepole, kidole kwa kidole.

Watu walikula wakashiba. Mama wa bwana harusi akaja jikoni kuuliza mpishi ni nani, amshukuru.

"Huyu hapa," Bibi akanionyesha mimi. "Mimi siku hizi namfuata tu."

Nililingojea neno hilo miaka mingi, na lilipokuja nilitamani kumwomba alirudishe, aniite mtoto kama zamani. Maana nilielewa kwamba anajua anasahau, na kwamba huenda alijua kabla yetu. Nilikwenda nyuma ya ghala la kuni nikalia.

Shughuli iliyofuata ilikuwa maulidi, hapohapo Ng'ambo. Supu ilipochemka wenzangu wakarudi nyuma kama kawaida, na Bibi akarudi nyuma pamoja nao. Mimi nikabaki peke yangu mbele ya sufuria na bakuli la chumvi mkononi, nikamgeukia kumtazama, naye alikuwa ananitazama mimi.