Ng'ambo ya Mto Hatukufika

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaposikia redioni kwamba fungu la utafiti fulani limepunguzwa. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, nje kidogo ya mji wa Kibondo, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Bwana Sefu, mkuu wa kituo chetu kidogo cha utafiti wa malale, alitusomea barua ya wakubwa akiwa amesimama. Alipomaliza aliikunja mara nne akaitia mfukoni, kana kwamba ukali wake ungepungua kwa kuifanya ndogo.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Mafuta ya gari yangekuja kwa nadra. Vioo vya kupimia damu vioshwe na kutumiwa tena. Na katika kila njia ya kuhesabu mbung'o, abaki mtu mmoja.

Huenda hukuwahi kuiona kazi hiyo, kwa hiyo nikueleze. Mbung'o ni nzi aumaye, na ndiye anayewapa watu malale, ule ugonjwa unaomlaza mtu mchana na kumvuruga akili hadi afe. Huwezi kujua ugonjwa unaelekea wapi bila kujua nzi wake wako wapi, na ni wengi kiasi gani. Kwa hiyo tulikuwa na njia iliyokatwa katikati ya miyombo, ikivuka mto na kuingia bonde la ng'ambo, yenye miti iliyopakwa namba. Mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea; hudhani ni nyati. Mimi nilivaa kitambaa cheusi mgongoni nikatangulia, na mwenzangu Gwassa, kijana wa Munanila, alinifuata na wavu. Kwenye kila namba tulisimama, akawanasa waliotua mgongoni mwangu, nami nikaandika idadi daftarini.

"Tembea kama nyati!" Gwassa alikuwa akinipigia kelele. "Unatembea kama bibi harusi, nani atakufuata?"

Zilikuwa siku njema. Majani mapya ya miyombo hutoka mekundu kabla ya mvua, na sisi tulipita chini yake tukitafuna viazi vya kuchoma, shati likinuka moshi. Mara nyingi tulikutana na Mzee Ruvugo, mrina asali. Kijiji chetu kilikuwa kimehamishiwa barabarani, lakini mizinga yake haikuhama. Ilibaki kwenye miti kule ng'ambo ya mto, naye akawa analala msituni siku kadhaa kila alipoifuata. Akituona hucheka kabla ya kusalimia.

"Mwakeye, mabwana mbung'o! Yaani serikali imewaajiri kuwinda nzi. Na hao wakiisha mtahesabu nini, mchwa?"

"Tutahesabu nyuki wako, mzee," Gwassa alimjibu, "tujue asali yetu unaificha wapi."

Hapo alifungua kibuyu akatugawia masega. Nimekula vitu vingi tangu wakati huo, mwanangu, lakini asali ile sijaionja tena.

Baada ya barua, Gwassa ndiye aliyeondoka. Alinikabidhi wavu kwenye mlango wa kituo.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Na wewe utajipigaje wavu mgongoni?"

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa sahihi. Nikivaa kitambaa, mbung'o walitua nisikoweza kufika, wakaniuma. Nikikitundika kwenye kijiti, hawakukijali sana, maana hakitembei. Upande wa kituo niliweza kujaribujaribu, kwa kuwa walikuwa wachache. Ng'ambo ya mto niliogopa. Huko ndiko kulikokuwa na kichaka kizito, na kuumwa nilikuwa nimeshaumwa vya kutosha.

Wiki ya tatu niliketi ukingoni mwa mto, nikafungua daftari la mwaka uliotangulia, nikanakili idadi ya mwezi uleule. Hapa niliongeza wawili, pale nikapunguza mmoja, ili zisifanane mno. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Nilijiambia kwamba nzi ni nzi, mwaka huu atakuwa kama mwaka jana. Nilifanya hivyo miezi minne.

Mimi ni mtu wa darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa kamusi na kwa vitabu vya kuazima. Daftari lile lilikuwa heshima yangu. Sikutaka ukurasa wenye pengo uonekane umeandikwa na mimi.

Basi ikaja barua nyingine, ya pongezi. Wakubwa walifurahi kuona kazi haikupungua hata baada ya fungu kupungua. Bwana Sefu aliisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Kama kazi haikupungua," alisema, "mwakani watamwondoa na huyu mmoja."

Mafuta ya safari moja yalipopatikana, ilibidi kuchagua gari la kupima damu za watu liende wapi. Daftari langu lilionyesha bonde letu lina hali ya kawaida. Gari likaenda upande wa Kakonko.

Haukupita muda akaja kituoni mke wa Mzee Ruvugo, mama mmoja mwenye maneno machache, jasho likimtiririka. Bwana Sefu alikuwa mezani palepale, akiandika.

"Mzee wako amekuwa mtu mwingine," aliniambia. "Mchana analala, usiku anazunguka ndani. Jana kanitukana kwa sababu ya chumvi. Miaka yote hii hajanitukana, leo chumvi! Watu wanasema karogwa na mrina mwenzake. Mimi nikasema, kwanza nimuulize anayehesabu. Kule ng'ambo, mbung'o wamezidi mwaka huu?"

Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni moja tu. Lakini Bwana Sefu alikuwa ameinua kichwa, akisubiri jibu langu.

"Kitabu kinaonyesha ni kama mwaka jana, mama."

Alishusha pumzi. "Basi si mbung'o. Asante, mwanangu, umenisaidia." Akaenda kumtafutia mumewe mganga wa kuagua.

Neno lake la shukrani lilinisumbua kuliko tusi. Hata hivyo nilikaa kimya wiki tatu. Nilikwenda kwao hatimaye, nikamkuta mzee ameketi juani, amelala na tonge la ugali mkononi, na nyuma ya shingo yake vijivimbe ambavyo nilikuwa nimevisoma vitabuni. Nilirudi kituoni mbio. Nilimwambia Bwana Sefu yote, huku nikimwonyesha mistari ya uongo mmoja baada ya mwingine. Alichukua sindano na kioo kilichooshwa, akaniambia twende. Jioni aliinama kwenye hadubini kwa muda mrefu, kisha akasogea kunipisha nitazame. Vijidudu vilikuwa vinajinyonganyonga katikati ya damu ya mtu aliyenilisha asali.

Gari halikuwa na mafuta. Tulimbeba mzee kwa ingobyi, machela yetu ya mianzi, wanaume wanane wa kijiji tukipokezana hadi hospitali. Nilishika mti wa mbele nikakataa kupokelewa, nikidhani bega likiuma vya kutosha deni la moyo litapungua. Halikupungua.

Hakufa. Dawa zilikuwa kali, akarudi amekonda, mikono ikitetemeka. Nilikwenda kumwambia kwa mdomo wangu. Mkewe alikuwa amekaa mlangoni, akipepeta mtama bila kuinua macho hadi nilipomaliza.

Mzee Ruvugo alijibu kidogo kidogo, kwa maana maneno yalikuwa yakimjia polepole.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa lugha yetu, "mimi nikipanda mti nikakuta mzinga mtupu, hushuka nikasema ni mtupu. Sijazi matope nikaleta nyumbani nikisema ni asali. Mzinga mtupu si aibu. Ndio unaoniambia nyuki wamepatwa na jambo."

"Nisamehe, mzee."

"Nimeshakusamehe. Lakini miti yangu sitaipanda tena. Na hilo ulijue."

Hakuipanda tena. Mizinga iliozea juu ya miti, mmoja baada ya mwingine.

Bwana Sefu aliniketisha mezani. "Tukiandika ukweli," alisema, "wanaweza kusema kituo hiki hakifai, wakakifunga kabisa. Unalijua hilo, bwana mdogo?" Nikasema ninalijua. "Basi andika." Nikaandika, mbele ya kila mstari nilioubuni: ng'ambo ya mto hatukufika, kwa kuwa mtu mmoja hatoshi. Waliniachisha kazi, kwa haki. Lakini gari la kupima damu lilikuja bondeni, na wagonjwa wengine walipatikana wakiwa bado wanasimama kwa miguu yao. Kituo chenyewe kilifungwa baada ya msimu mmoja. Ukipita pale leo utakuta mihogo ya watu.

Mwanangu, nimefikiri juu ya jambo hili kwa miaka mingi, tena kwa utaratibu, kama nilivyozoea. Wanaopunguza fungu la utafiti si lazima wawe watu wabaya. Wanaona njaa, wanaona barabara mbovu, na mtu anayezunguka msituni akihesabu nzi haonekani kuwa na faida. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wenyewe lazima awepo mtu wa kuuona. Kupunguzwa kwa fungu kulitunyima macho. Uongo wangu ulifanya kosa kubwa zaidi: uliwafanya waliotunyima waamini kwamba bado tunaona. Kama ningeacha ukurasa mtupu, ukurasa ule ungewauliza swali kila walipoufungua.

Kwa hiyo shika haya. Ukipewa kazi ya kuchunguza jambo kwa ajili ya uhai wa watu, kisha ukanyang'anywa vifaa, fanya unachoweza, na usichoweza kiandike hivyo hivyo, kwa jina lako na tarehe. Usione haya kuandika kwamba hukufika. Pengo liache lionekane, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine kifo chenyewe humwendea mtu mwingine asiye na kosa. Nawe ukija kuwa mkubwa wa kugawa mafungu, ukaletewa daftari lisilo na doa kutoka kwa mtu mmoja aliyeachiwa kazi ya wawili, usimpongeze. Mwendee, utembee naye njia yake mpaka mwisho.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi wa kusema hujaona. Akupe mwenzako wa kutembea nyuma yako penye kichaka kizito, na mkate wako usitoke kamwe katika maumivu ya mtu aliyekuamini.