Kipande cha Wanja

Juzi sokoni Gakoromone mama wa Embu aliita kiazi kikuu gikwa, na wivu wangu wa utotoni ukaamka. Sisi Wameru husema ikwa. Binamu yangu Wanja alipoletwa kwetu kutoka Embu, alisema gikwa, na baba akamkatia kipande cha katikati, kinachonukia moshi, nilichozoea kupewa mimi. Nikadhani ni neno ambalo baba analipenda.

“Baba, nipe gikwa,” nikasema.

“Kaimuri, wewe kula ikwa,” akajibu, akageuza uso.

Mjukuu wangu asema gikwa na ikwa ni neno moja, la wahenga wetu wote. Wanja aliposema gikwa, baba alisikia sauti ya dadake Kanyua, mamake Wanja, aliyeolewa Embu na kuzikwa huko mwezi ule alipoletwa bintiye. Nimeelewa. Lakini kipande kile kilikuwa changu.